Kampuni Ikifa, Hakimiliki Haifi: Nani Mrithi wa Programu za Kompyuta Zilizoachwa?

Ofisi inatumia programu ya kutunza hesabu iliyonunuliwa miaka kumi na mitano iliyopita. Kompyuta yenye programu hiyo imeharibika, CD ya awali haionekani, na simu ya kampuni iliyoiuza haipokelewi tena. Anaitwa fundi. Fundi ana nakala kwenye flashi aliyoipata kwa mteja mwingine, na anaieleza ofisi kwamba hakuna tatizo lolote kwa sababu kampuni yenyewe ilishakufa. Anaiweka, analipwa ufundi wake, na wiki inayofuata anaiweka nakala hiyo hiyo kwa wateja wengine watatu.

Hoja ya fundi huyo inasikika sana, katika maduka ya kompyuta na hata katika vikao vya manunuzi. Inavutia kwa sababu ina chembe ya mantiki ya kawaida: kama mwenye mali hayupo, nani atalalamika? Lakini sheria ya hakimiliki haiulizi kama kuna mtu wa kulalamika leo. Inauliza nani ana haki, na kama ametoa ruhusa. Katika maswali hayo mawili, kufungwa kwa kampuni hakubadilishi mambo mengi kama watu wanavyodhani.

Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne wa kulinda kazi za fasihi na sanaa tangu mwaka 1994, na imo katika Shirika la Biashara Duniani tangu kuanzishwa kwake mwaka 1995. Mkataba wa shirika hilo kuhusu haki miliki zinazohusiana na biashara, unaojulikana kwa kifupi kama TRIPS, unasema katika Ibara ya 10 kwamba programu za kompyuta zilindwe kama kazi za fasihi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 nayo inazitaja programu za kompyuta pamoja na vitabu na maandishi mengine. Kwa hiyo anayenakili programu bila idhini na kuigawa yuko katika nafasi ile ile ya anayechapa kitabu cha mtu mwingine na kukiuza.

Ulinzi huo hauhitaji usajili. Hili hukosewa mara nyingi. Mtu anaweza kuandikisha kazi yake katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA), na kumbukumbu hiyo humsaidia sana panapotokea ubishi, lakini chini ya Mkataba wa Berne haki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe. Kutoiona programu katika daftari la usajili hakuthibitishi kwamba haina mwenyewe.

Kuhusu muda, Ibara ya 12 ya TRIPS inaweka kiwango cha chini: pale ambapo muda hauhesabiwi kwa uhai wa mtu, ulinzi usipungue miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ambao kazi ilichapishwa kwa idhini. Marekani, ambako programu nyingi za zamani zilitoka, inatoa muda mrefu zaidi kwa kazi zilizotengenezwa na waajiriwa wa kampuni, yaani miaka 95 tangu kuchapishwa au 120 tangu kutengenezwa, utakaotangulia kwisha. Kwa kawaida, programu ya namna hiyo iliyotolewa mwaka 1980 italindwa huko hadi mwisho wa mwaka 2075. Kompyuta iliyoandikiwa programu hiyo itakuwa imekaa katika makumbusho kwa zaidi ya nusu karne.

Kampuni nazo hazifi kwa namna moja. Iliyofilisika huwekwa chini ya mfilisi, ambaye kazi yake ni kukusanya mali na kuziuza ili wadai walipwe chochote kinachopatikana. Hakimiliki ni mali kama zilivyo meza na magari. Huorodheshwa na kuuzwa, mara nyingine kwa bei ndogo na kwa mnunuzi asiyejulikana sana. Kampuni iliyonunuliwa na nyingine hupeleka haki zake kwa mnunuzi hata kama jina lake limetoweka sokoni. Ipo pia inayofutwa katika daftari la makampuni bila mtu kukumbuka kugawa mali zilizobaki. Nchini Uingereza, kwa Sheria ya Makampuni ya mwaka 2006, mali ya namna hiyo huhesabiwa kuwa haina mwenyewe na huangukia kwa Ufalme, na ofisi ya Mwanasheria wa Hazina ndiyo inayoisimamia. Yaani hata pale ambapo kila mtu anaamini hakuna mrithi, mrithi anaweza kuwa Serikali.

Kisha kuna jambo linalosahaulika hadi siku ya ugomvi: huenda kampuni haikuwahi kumiliki kila sehemu ya programu iliyoiuza. Mtaalamu wa nje aliyeandika sehemu ya kazi bila mkataba wa kuhamisha haki anaweza kubaki mwenye haki katika sehemu hiyo, na kufa kwa kampuni hakumgusi.

Mfano unaoeleza vizuri safari ya haki hizi ni ule wa CP/M, mfumo endeshi ulioandikwa na Mmarekani Gary Kildall katika miaka ya 1970. Kabla ya Microsoft kutawala soko la kompyuta ndogo, CP/M ndio uliokuwa mfumo wa ofisi nyingi. Programu mashuhuri za wakati huo, kama WordStar ya kuandikia na dBase II ya kutunza kumbukumbu, zilitumika juu yake. Kampuni ya Kildall, Digital Research ya California, ilinunuliwa na Novell mwaka 1991. Mwenyewe alifariki mwaka 1994. Mwaka 1996 Novell ikaiuzia kampuni ya Caldera mali zilizotokana na Digital Research.

Mtu angeweza kudhani kwamba Caldera ilinunua makapi. Haikuwa hivyo. Pamoja na mfumo wa DR-DOS, uliotokana na ukoo huo huo wa CP/M, Caldera ilipata nafasi ya kuishtaki Microsoft kwa madai ya kukiuka sheria za ushindani, na shauri hilo lilimalizwa kwa maridhiano yenye malipo mwezi Januari 2000. Huo ulikuwa mgogoro wa ushindani wa kibiashara na si wa hakimiliki, lakini unaonyesha kwamba masalia ya kampuni iliyotoweka yanaweza kuwa na thamani ambayo mpita njia haioni.

CP/M yenyewe, wakati huo, haikuwa na soko tena. Waliobaki wakiihitaji walikuwa wapenzi wa kompyuta za zamani, walimu na wanafunzi waliotaka kuona jinsi mfumo endeshi mdogo unavyojengwa. Baadhi yao hawakutaka kuigawa kwa kificho. Walimtafuta mwenye haki, wakaandika barua, wakajibiwa. Haki zilipokuwa mikononi mwa Lineo, kampuni iliyochipuka kutoka Caldera, kiongozi wake Bryan Sparks alitoa ruhusa ya maandishi mwaka 2001 ya kuitumia, kuigawa na kuiboresha CP/M. Ruhusa hiyo ilikuwa na kasoro moja. Ilifungamanishwa na mkusanyiko mmoja uliotajwa kwa jina, pamoja na watunzaji wake na jumuiya yake.

Maneno hayo machache yakazaa swali lililodumu miaka zaidi ya ishirini. Je, aliyechukua nakala katika mkusanyiko huo na kuigawa kwingine alikuwa ndani ya ruhusa au nje yake? Nani alihesabika kuwa mwanajumuiya? Wako waliosema ruhusa inamtosha kila mtu, na wako waliokataa kuiweka CP/M katika kazi zao kwa kuogopa kuvunja sheria. Hakuna aliyeshtakiwa, lakini kazi za wengine zilikwama, na kukwama huko kulitokana na sentensi moja iliyoandikwa kwa nia njema. Ufafanuzi ulikuja mwaka 2022, pale Sparks, akiwa kiongozi wa DRDOS, Inc., iliyokuwa imerithi haki hizo, alipoeleza kwa maandishi kwamba ruhusa inahusu CP/M na mifumo iliyotokana nayo bila kufungwa kwenye mkusanyiko wowote.

CP/M ilikuwa na bahati. Mtu aliyetoa ruhusa ya kwanza alikuwa bado yupo, alikuwa bado anahusika na haki hizo, na alikuwa tayari kujibu. Programu nyingi zilizoachwa hazina mtu wa namna hiyo.

Commodore haikuwa na bahati hiyo. Kampuni hiyo ya Marekani, iliyotengeneza kompyuta za Commodore 64 na Amiga, ilitangaza kufilisika Aprili 1994. Mwaka uliofuata mali zake zilinunuliwa na Escom ya Ujerumani, nayo ikaanguka mwaka 1996. Haki za Amiga zikaenda kwa Gateway ya Marekani mwaka 1997, na jina la Commodore likachukuliwa na Tulip ya Uholanzi. Baada ya hapo haki za Amiga zikazidi kugawanyika, na makampuni yaliyodai sehemu zake yakafikishana mahakamani zaidi ya mara moja. Mirathi iliyopita mikono mingi namna hiyo humfanya hata mtu mwaminifu anayetaka kulipia leseni asijue amlipe nani. Na ruhusa inayotolewa na asiye mwenye haki haimkingi aliyeipokea.

Kuna njia ya tatu, nayo ilionekana Uholanzi. Programu ya Blender, inayotumika kuchora na kuhuisha picha za pande tatu, ilikuwa mali ya kampuni iliyoitwa Not a Number. Wawekezaji walipoacha kuigharimia mwanzoni mwa mwaka 2002, kampuni ikafungwa na programu ikabaki bila mtu wa kuiendeleza. Mwanzilishi wake, Ton Roosendaal, hakusema kwamba kwa kuwa yeye ndiye aliyeianzisha basi ataigawa apendavyo. Haki zilikuwa za kampuni na wawekezaji wake. Alizungumza nao, wakakubaliana bei ya Euro 100,000, na kampeni ya kuwachangisha watumiaji ikaanza Julai mwaka huo. Fedha zilipatikana ndani ya wiki saba. Tarehe 13 Oktoba 2002 msimbo chanzo wa Blender, yaani maandishi yenyewe ya programu kama yalivyoandikwa na wataalamu, ulitolewa kwa umma chini ya leseni ya programu huria ya GPL, inayomruhusu kila mtu kuitumia, kuibadilisha na kuigawa kwa masharti yanayojulikana.

Matokeo yake yanaonekana hadi leo. Filamu ya Flow ya mwongozaji Gints Zilbalodis wa Latvia, iliyoshinda tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni mwezi Machi 2025, ilitengenezwa kwa Blender. Kijana mwenye kompyuta anaweza kuipakua programu hiyo hiyo leo bila malipo na bila kuvunja sheria ya mtu. Kama ingesambazwa kimya kimya mwaka 2002 kwa nakala zisizo na idhini, ni vigumu kuona taasisi au studio ipi ingejenga kazi ya miaka juu ya msingi huo.

Si kila jambo linamalizwa kwa mazungumzo na fedha, na nchi kadhaa zimekwisha kukiri kwamba sheria iliyobuniwa kwa ajili ya vitabu inabana kupita kiasi inapofika kwenye programu ambazo hakuna anayeziuza. Marekani hupitia kila baada ya miaka mitatu orodha ya mambo yanayosamehewa katika katazo la kuvunja kufuli za kidijitali, na tangu mwaka 2018 maktaba, hifadhi za nyaraka na makumbusho zimeruhusiwa kufanya hivyo kwa lengo la kuhifadhi programu zisizopatikana tena sokoni. Msamaha huo una mipaka. Oktoba 2024 ombi la kuwaruhusu watafiti kuitumia michezo ya kompyuta iliyohifadhiwa wakiwa nje ya majengo ya taasisi hizo lilikataliwa. Umoja wa Ulaya, kwa Agizo lake la mwaka 2019 kuhusu hakimiliki, unazitaka nchi wanachama ziruhusu taasisi za urithi wa utamaduni kunakili kazi zilizomo katika makusanyo yao, programu zikiwemo, ili zisipotee. Katika sehemu zote mbili ruhusa ni ya kuhifadhi, na imetolewa kwa taasisi maalumu. Haimgusi fundi mwenye flashi.

Inafaa pia kutenganisha kifo cha kampuni na mwisho wa bidhaa, kwa kuwa mambo hayo mawili huchanganywa kila mara. Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kampuni ipo, ina mawakili, na haki zake juu ya Windows 10 ni zile zile zilizokuwapo siku moja kabla. Kusitishwa kwa huduma maana yake ni kwamba marekebisho ya usalama hayatolewi tena kwa utaratibu wa kawaida. Hakuna haki iliyotolewa kwa umma siku hiyo.

Kwa taasisi za umma na watu binafsi wanaonunua programu, hususan zile zilizoandikwa na makampuni madogo ya hapa nchini, swali hili lina uzito kuliko habari za Commodore. Kampuni ya vijana watatu inaweza kuandika mfumo mzuri wa shule au wa chama cha akiba na mikopo, kisha ikasambaratika ndani ya miaka minne kwa sababu mmoja ameajiriwa, mwingine ameenda masomoni na wa tatu hana mtaji. Mfumo unabaki ukifanya kazi, lakini hakuna mwenye msimbo chanzo, na aliyenao hana uhakika kama anaruhusiwa kuutumia. Mteja aliyelipa mamilioni anagundua kwamba alichonunua ni ruhusa ya kutumia tu, na mkataba wake hausemi lolote kuhusu siku ambayo muuzaji hatakuwapo.

Dawa yake huandikwa katika mkataba wakati muuzaji bado ana nguvu na anahitaji kazi. Mkataba unaweza kueleza kwamba haki za mfumo ulioandikwa kwa agizo la mteja zinahamia kwa mteja baada ya malipo. Pale ambapo muuzaji hataki kuhamisha haki, na mara nyingi ana sababu nzuri kwa kuwa mfumo huo huo anawauzia wengine, pande mbili zinaweza kukubaliana kuweka nakala ya msimbo chanzo kwa mtu wa tatu anayeaminiwa na wote, akiwa na maelekezo ya kumkabidhi mteja endapo kampuni itafilisika au kuacha kutoa huduma, pamoja na leseni ya kuurekebisha. Kifungu hicho cha leseni ni muhimu kama nakala yenyewe. Mwenye msimbo chanzo asiye na ruhusa ya kuubadilisha hana tofauti kubwa na aliyeshika funguo za nyumba asiyoruhusiwa kuingia.

Palipochelewa, kazi ni ya upelelezi wa nyaraka. Kwa kampuni ya Tanzania, kumbukumbu za Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) ndipo pa kuanzia: wakurugenzi walikuwa nani, kampuni ilifutwa au imelala tu, na kama kulikuwa na mfilisi. Kampuni iliyolala bado ni mtu kisheria na wakurugenzi wake wanaweza kutia saini leseni. Mwenye haki akipatikana, ruhusa iandikwe kwa upana unaotosha: ni programu ipi na toleo lipi, nani anaruhusiwa, anaruhusiwa kutumia tu au pia kunakili, kurekebisha na kugawa, na kama ruhusa hiyo inawafunga watakaorithi haki baadaye. Watu wa CP/M wangeokoa miaka mingi kwa mstari mmoja wa namna hiyo.

Asipopatikana, kumtafuta hakugeuki kuwa ruhusa. Barua zilizotumwa na majibu yasiyokuja vinaweza kuonyesha nia njema, lakini haviwi leseni, na kutangaza kwamba nakala zinagawiwa bure hakuondoi kosa. Hoja ya kwamba hakuna aliyedai kwa miaka kumi nayo ni dhaifu, kwa sababu haki zinaweza kununuliwa kesho na mtu atakayedai.

Ofisi iliyotajwa mwanzoni, hata hivyo, haiko pabaya kama inavyodhani. Ikiwa ilinunua programu kihalali na bado ina risiti au leseni, cha kwanza ni kusoma masharti ya leseni hiyo, kwa sababu leseni nyingi, na sheria za nchi nyingi, humruhusu mwenye nakala halali kuwa na nakala ya akiba na kuirejesha ya kwanza inapoharibika. Kurejesha kile kilichonunuliwa ni jambo moja, na kuwagawia majirani ni jingine. Kumbukumbu za hesabu zilizomo ndani ya programu nazo si mali ya muuzaji, na ofisi ina kila sababu ya kuzitoa na kuzihamishia kwenye mfumo mwingine wakati kompyuta bado inawaka. Kuhusu programu yenyewe, kama ilichapishwa mwaka 2010 kwa jina la kampuni iliyokwisha kufutwa, kwa kipimo cha chini cha TRIPS ulinzi wake utafika mwisho wa mwaka 2060.